Moshi wa Nyumba ya Kulala

Juzi dada yangu Mueni alinipigia simu akiwa nyumbani kwa Mama, akaniuliza kama lile sanduku la chuma lililoko stoo bado lina kazi. Mtu wa kununua vyuma vya skrapu alikuwa amefika na mkokoteni wake, anangoja langoni. Nilimwambia asiliguse. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia nimekosana na nani.

"Kwani ni ya nini?" Mueni akauliza. "Si ni chuma tu imekaa hapo ikila kutu?"

Nikamwambia nitakuja mwenyewe, na kabla sijafika mtu asilisogeze hata kidogo. Nilienda. Nilipofungua ule mlango wake mzito, harufu ikanipiga usoni: masizi ya zamani, kutu, na vumbi lililowahi kuungua juu ya chuma. Nina mvi sasa, na watoto wangu hunyamaza nikiingia nyumbani, lakini pale stoo masikio yalinipata moto kwa aibu ileile ya nilipokuwa darasa la tano. Niligeuka kuangalia kama Kioko wa darasa letu amesimama nyuma yangu akijiandaa kucheka.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande wetu wa Kathonzweni hamhitaji kuelezwa habari za jua. Mnajua mabati yanavyolia mchana yakitanuka, mnajua mbuzi wanavyojibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Sasa hebu niambieni. Baba za wenzako wanarudi kutoka kazini, mmoja na godoro, mwingine na redio, mwingine na baiskeli ya gia. Baba yako anarudi kutoka Limuru, kule kwenye baridi, alikokuwa akitunza nyumba ya watu wenye pesa, na kile anachoshushiwa kwenye lori, siku ya soko, watu wote wakiangalia, ni hita. Hita! Kathonzweni!

Wanaume wanne waliibeba. Ilikuwa sanduku la chuma kizito lenye miguu mifupi, mlango wa mbele wenye komeo, tundu moja chini na tundu lingine juu. Mmoja wa wale wabebaji aliuliza kama ni sefu ya benki. Baba, ambaye hakujua kudanganya hata pale ambapo uongo ungemsaidia, akasema la, ni ya kupasha nyumba joto. Kicheko kikaanzia kwa wauza mbuzi kikafika mpaka kwa wauza nyanya. "Kyalo ameona jua letu halitoshi!" mtu mmoja akapaza sauti. Nilikuwa nimeshika mfuko wa Baba wa nguo. Nikauweka chini polepole, nikasogea mbali, nikasimama karibu na mama mmoja muuza viatu ili watu wafikiri nimekuja naye.

Jina langu lilikuwa limenitosha tayari. Mimi ni Mbiti, yaani fisi, na shuleni hakuna siku iliyopita bila mtu kunililia kama fisi au kuficha chakula chake akiniona. Kioko, jirani yetu na mwenzangu wa darasa, ndiye aliyekuwa bingwa wa kulia. Niliwahi kumuuliza Mama kwa nini kati ya majina yote ya Wakamba walinichagulia hilo, akaniambia nikamalize kufunga ndama. Nikaamua kichwani kwangu kwamba nilizaliwa nikiwa na sura mbaya sana, na kwamba wazazi wangu wawili ni watu wasiojua kuona haya.

Mama alikuwa mjamzito wakati huo, tumbo limeshafika kifuani, na mwezi wa baridi ulikuwa unakaribia. Baba hakupumzika hata siku moja. Alitoboa ukuta wa chumba chao mara mbili, kwa tindo na nyundo, ukuta mzuri wa matofali ambao yeye mwenyewe alikuwa ameujenga. Fundi wa bati pale sokoni alimtengenezea mabomba mawili. La chini lilitoka kwenye tundu la chini la hita likapita ukutani hadi nje. La juu lilipanda, likapita ukutani likiwa limezungushiwa bati na udongo ili lisichome mbao za paa, kisha likasimama nje juu kuliko mabati, na kofia ya bati kichwani ya kuzuia mvua.

Aliniita nimshikie taa, maana kule nyuma ya sanduku kulikuwa na giza. Alinieleza kazi ya kila kitu, na mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja. Sikio lingine lilikuwa kwenye ua, nikisikia nani anapita.

"Moto unakula hewa, Mbiti," alisema. "Kama wewe na mimi. Ukiuweka ndani ya nyumba iliyofungwa, unakula hewa yenu. Huu wangu haugusi hewa ya humu ndani. Unavuta ya nje kwa hili bomba la chini, na ukishakula unatupa uchafu wake nje kwa hili la juu. Sisi tunachopata ni joto la chuma basi."

"Na moshi unajuaje njia?"

Alifurahi sana nilipouliza hivyo, na mimi nilikuwa nimeuliza tu ili amalize haraka. Akasema moshi wa moto ni mwepesi, hupanda wenyewe, na ukipanda huacha nafasi nyuma yake, ndipo hewa ya nje inavutwa kuijaza. Lakini bomba likiwa baridi moshi hulikataa, hurudi chini. Kwa hiyo kwanza unachoma karatasi pale kooni mwa bomba, likipata joto ndipo unawasha kuni. Alipomaliza kuziba viungo kwa udongo na majivu, akachukua kijiti kinachofuka, akakipitisha polepole kwenye kila kiungo kuangalia kama moshi wake unatikisika. Alirudia. Akarudia tena. Nilikuwa nafikiri huyu mtu Limuru ilimharibu akili.

Asubuhi aliyoiwasha kwa mara ya kwanza, wanawake walikuwa wanarudi kutoka bwawani na punda zao. Nyinyi mnakumbuka maji ya enzi hizo. Unatoka kuku hawajaamka, unarudi jua limeshapanda, na kila mtungi una mwenyewe na kazi yake. Mbele yao alikuwa Mama Kioko, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke mwenye mikono mikubwa na roho kubwa zaidi. Akainua macho akaona moshi unatoka juu ya nyumba yetu. Si jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda chake kando, kama kwa watu wote. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba ya kulala!

"Nyumba ya Kyalo inaungua!"

Walikuja mbio wote. Sikuwahi kuona watu wakikimbia na mitungi iliyojaa, lakini siku hiyo niliona. Mama Kioko alisukuma dirisha la chumba cha wazazi wangu kwa kiwiko, akamwaga mtungi mzima ndani bila kuangalia. Wa nyuma yake wakamwaga. Kitanda kikalowa, godoro likalowa, na nguo za mtoto ambazo Mama alikuwa amezikunja vizuri zikaelea sakafuni. Kisha Baba akatokea mlangoni akiwa ameloa chapachapa, na badala ya kukasirika alikuwa anatabasamu.

"Mmeona?" akasema. "Ingieni muone. Ndani hakuna moshi hata kidogo!"

"Aiya!" Mama Kioko alitazama mtungi wake mtupu, kisha akamtazama Baba. "Kyalo! Maji yangu!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba aliniamuru nichukue punda wetu nikamletee Mama Kioko maji mengine, na Kioko akaambiwa anisindikize. Njia nzima ya bwawani, kwenda na kurudi, alikuwa anaimba wimbo alioutunga palepale, wa fisi anayeota moto saa sita mchana. Kufika wiki iliyofuata shule nzima ilikuwa inaujua. Waliacha kuniita Mbiti, wakaniita Zimamoto, na msinicheke mkisikia kwamba nilianza kulitamani lile jina langu la fisi.

Mueni alizaliwa katikati ya mwezi wa saba. Mnajua mwezi ule ulivyo hata kwetu: mawingu yanashuka chini, manyunyu hayaishi, na watu waliozoea jua wanajifunga mablanketi kichwani wakitembea. Alikuwa mdogo sana. Baba aliwasha hita yake na kuilisha kuni jioni na alfajiri, na kila akiiwasha alitoka nje kwenye manyunyu, akasimama chini ya lile bomba akiliangalia mpaka aridhike. Niliona ni maringo. Anataka watu wanaopita wamwone ana nyumba inayotoa moshi kama ya Mzungu.

Akina mama wa kanisa walikuja asubuhi moja kumwona mtoto, na unga, na ndizi, na kuni kichwani. Kioko alikuja na mama yake. Hita ilikuwa imezimika. Baba alikuwa ameenda shambani nyuma kukata kuni. Wageni wakaingia chumbani, wakaona mtoto amekunjamana, mikono baridi, na Mama amechoka hata kuongea. Mama Kioko hakungoja kuombwa. Alienda jikoni, akachochea makaa mpaka yakawa mekundu kabisa, akayaweka kwenye jiko dogo, akaja nalo akaliweka chini karibu na kitanda. Akafunga dirisha. Nami nilimshukuru moyoni, kusema kweli, kwa sababu hatimaye nyumba yetu ilikuwa inafanya kitu kama nyumba za watu wengine.

Mama alikuwa amesinzia. Alipofumbua macho na kuliona jiko, alitaka kuinuka aliondoe. Wakati huohuo Baba akafika mlangoni na mzigo wa kuni begani.

Kuni zilianguka. Hakusema hodi, hakusalimia mtu. Alipita katikati ya wale akina mama akiwasukuma, wanawake wazima, mmoja akaangukia kitanda, akalishika lile jiko kwa mikono mitupu, pale pembeni palipokuwa na joto lake lote, akakimbia nalo nje akalitupa uani. Makaa yakatapakaa kwenye matope yakipiga kelele. Akarudi akafungua dirisha kwa nguvu mpaka bawaba ikang'oka.

"Nani ameleta hii? Nani?" Alikuwa anapiga kelele kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba, kama ya mtoto. "Mnataka kuniulia mtoto? Tokeni! Tokeni nyumbani kwangu!"

"Kyalo, nilikuwa nasaidia," Mama Kioko akasema.

"Toka!"

Walitoka. Mama Kioko alikuwa analia, na hata Kioko hakucheka, na hilo liliniuma kuliko wimbo wake wote. Mwanamke aliyekimbia na maji yake kutuokoa anafukuzwa kama kuku, mbele ya mwanawe, mbele yangu. Nilishindwa kumtazama mtu usoni. Baba alienda nyuma ya nyumba, nikamsikia akitapika.

Niliingia kwa Mama. Nikamwambia, "Mwambie Baba arudi Limuru. Aende na hiyo chuma yake. Watu wanasema ana wazimu na ni kweli."

Nilingoja kofi. Mama alimweka Mueni kwenye titi, akamfunika vizuri, akaniambia, "Kaa hapa." Nikakaa kwenye kona ya kitanda.

"Kabla yako kulikuwa na mtoto," alisema. "Msichana. Aliitwa Mwende."

Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu.

"Ulikuwa mwezi kama huu. Baba yako amekuja likizo. Akaona mtoto anatetemeka, akaleta jiko la makaa. Makaa mazuri, mekundu, hayana moshi. Akaliweka pale." Akaonyesha kwa kidole, na ilikuwa palepale Mama Kioko alipoliweka. "Akaziba dirisha na blanketi. Tulisikia joto zuri, Mbiti. Tulilala tumefurahi. Asubuhi mimi na yeye vichwa vilikuwa vinapasuka, hata kusimama hatuwezi. Mwende hakuamka."

Nje nilimsikia Baba akichota maji kwenye pipa, polepole.

"Watu walisema ni nimonia. Na sisi tukasema nimonia, maana hatukujua. Wewe ukazaliwa, ukaanza hata kutembea. Siku moja kule Limuru wanafunga hita, Baba yako anashika ngazi, akamuuliza fundi, hivi moto unawekewa bomba refu namna hii kwa nini, si mtu atumie makaa tu, hayana moshi? Fundi akamwambia makaa yana sumu. Haionekani, hainuki. Isipotolewa nje inaua watu usingizini. Baba yako akakaa chini hapohapo."

Alimhamishia Mueni kwenye titi la pili. Kisha akasema, kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kazi, "Na wewe tulikuita Mbiti kwa sababu hiyo. Mtoto anayefuata aliyekufa hupewa jina la kitu ambacho hakuna mtu anayekitaka, ili kifo kikimwona kimpite. Si kwamba una sura mbaya. Una sura ya baba yangu." Akanishika mkono. "Usimwambie mtu. Wakijua, watasema Kyalo alimuua mtoto wake. Afadhali waseme ana wazimu."

Nililia, lakini si kwa ajili ya Mwende, ambaye sikumjua. Nililia kwa aibu. Nilimwona Baba sokoni akiwajibu watu ukweli huku wakimcheka. Nilimwona ameloa maji, anatabasamu. Nilimwona amesimama kwenye manyunyu chini ya bomba lake. Muda wote huo alikuwa anajua, na alikuwa ameamua achekwe. Aibu yangu ya Kioko na wimbo wake ilikuwa kitu kidogo cha kuweka mfukoni. Yake ilikuwa kubwa hivi kwamba hakuweza hata kuitaja, na mimi nilikuwa nimesogea mbali nikasimama na muuza viatu.

Baadaye siku hiyo Baba alienda kwa Mama Kioko kuomba msamaha, mikono yake imefungwa vitambaa. Hakumweleza sababu. Alirudi akasema amemsamehe, ila amemwambia Limuru ilimharibu. "Labda ni kweli," akasema, akajaribu kucheka.

Kesho yake asubuhi ilikuwa baridi kuliko jana. Niliamshwa na sauti ya kiberiti kikianguka, tena na tena. Nilimkuta Baba amepiga magoti mbele ya hita, vidole vyake vimevimba ndani ya vitambaa, haviwezi kushika njiti. Alinitazama. Sikuwa nimemwambia kwamba najua, lakini nafikiri aliona usoni mwangu.

"Utaweza?" akaniuliza.

Nilipiga magoti. Nikaweka karatasi pale kooni kwanza, nikaiwasha, nikangoja bomba lipate joto. Nikawasha kuni, nikafunga mlango, nikafunga komeo. Nikachukua kijiti kinachofuka nikakipitisha kwenye viungo, kila kimoja, na moshi wake haukutikisika. Baba alikifuata kijiti kwa macho. Mwishoni akasema, "Nenda nje uangalie."

Nje wenzangu walikuwa wanapita kwenda shule, Kioko katikati yao, nao walijua habari za jana. Walisimama kwenye ua. Mmoja akaanza ule wimbo. Sitadanganya: aibu ilinishika tena, nikatamani kurudi ndani nijifiche hadi wapite. Na kuwaeleza ukweli sikuweza, maana Mama alikuwa amenikataza.

Nikatembea mpaka chini ya bomba, mbele yao wote, nikainua uso kwenye manyunyu nikaangalia juu. Nikapaza sauti yangu yote, ili asikie na wao wasikie.

"Baba! Moshi unatoka nje!"

Sauti yake ikaja kupitia lile dirisha lililong'oka bawaba.

"Wote?"

"Wote, Baba."